Kabla Bibi Hajaanza Kusimulia: Mwongozo wa Kukusanya na Kuhifadhi Masimulizi ya Kwenu

Anayetaka kuhifadhi ngano, nyimbo na vitendawili vya kwao huanza, mara nyingi, kwa kuuliza simu gani inarekodi vizuri. Swali hilo lingekuja mwisho. Nimesikia rekodi zenye kelele za kuku na mvua ambazo mtafiti yeyote angezifurahia, na nimesikia sauti safi kabisa ambazo hakuna anayejua ni za nani, zimetoka wapi, wala kama mwenyewe alikubali zisikilizwe na watu wengine.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, kijana wa kikundi cha ngoma, au mjukuu anayeona kwamba bibi yake anazeeka. Huhitaji shahada. Utafuata njia wanayopita wataalamu wa fasihi simulizi, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: maneno ya hadithi ni sehemu tu ya unachokusanya. Unakusanya tukio zima. Nani alisimulia, nani walisikiliza, waliitikia nini, ilikuwa saa ngapi, na nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu rekodi hiyo.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja, na majira yake

"Utamaduni wa Wasukuma" ni mzigo wa maisha mazima. Chagua kitu unachoweza kukimaliza: bembelezi zinazoimbwa katika kata moja, nyimbo za kutwanga, vitendawili wanavyotegana watoto wa shule, asili ya majina ya vitongoji vyenu. Ukiwa pwani na wangali wapo wanaozikumbuka, kimai za mabaharia au wawe za wakulima zinatosha kabisa.

Kisha tazama kalenda. Nyimbo za kulima huimbwa watu wakilima. Usukumani, mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vikongwe vya ngoma, huchangamka baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi, watu wana chakula ghalani na nafasi ya kucheza. Ukienda wakati wa kupanda utarudi na maelezo ya ngoma bila ngoma yenyewe. Maelezo nayo yana kazi, ila uandike daftarini kwamba ni maelezo.

Angalia pia kilichokwisha kukusanywa. Edward Steere alichapisha ngano za Unguja mwaka 1870, na Carl Velten akatoa mkusanyiko wake mwaka 1898. Ukikuta ngano unayoitafuta imo katika kitabu cha zamani, usivunjike moyo. Toleo la leo la ngano iliyoandikwa miaka mia na hamsini iliyopita linakuonyesha kilichobaki, kilichodondoka, na kilichoingizwa njiani.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, kwa serikali na kwa wenyewe

Ruhusa ya serikali ndiyo rahisi. Tanzania unakwenda na barua ya shule, chuo au kikundi chako kwa afisa utamaduni wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Utafiti rasmi, hasa wa wageni kutoka nje, hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya kuna NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, halafu chifu na naibu wake. Mjukuu anayemrekodi bibi yake jikoni hahitaji barua yoyote kati ya hizi. Anahitaji idhini ya bibi.

Idhini hiyo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu huombwa kwa sentensi moja: "Bibi, naomba nikurekodi." Bibi atakubali, kwa kuwa anakupenda, na hatajua amekubali nini. Mweleze mambo manne moja moja, na uache nafasi ya jibu kila mara. Sauti itakaa wapi. Nani ataisikia: familia tu, wanafunzi, au mtu yeyote duniani mwenye intaneti. Jina lake litajwe au lifichwe. Na siku akibadili mawazo, amwambie nani.

Usilazimishe sahihi. Wazee wengi wanaogopa karatasi, na wana sababu: zipo familia zilizopoteza shamba kwa kidole kilichobonyezwa kwenye wino. Rekodi idhini kwa sauti, mwanzoni mwa faili lenyewe, kwa lugha anayoitumia nyumbani. Itakuwa na nguvu, na haitapotea mbali na rekodi inayohusika.

Sheria nazo zipo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Taarifa binafsi za watu zinalindwa Kenya kwa sheria ya 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022. Kwa kifupi: wimbo wa jamii si mali ya aliyewahi kufika na kinasa sauti, na jina na sura ya mtu si vitu vya kumwaga mtandaoni bila yeye kujua.

Halafu kuna mambo ambayo hata ukiruhusiwa na mtu mmoja hujaruhusiwa. Nyimbo za unyago na jando ni za waliochezwa. Kungwi mmoja anaweza kukuimbia kwa ukarimu, na wenzake wakaona amewavua nguo. Waulize zaidi ya mmoja, na mwanamume asijipeleke kwenye unyago. Kazi hiyo aifanye mwanamke anayekubalika kwao, au iachwe. Mila za kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2009 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, zina mambo ambayo wazee wa kaya hawayatoi kwa mgeni, na orodha ya UNESCO haikubadili hilo. Ukiambiwa "hapo pana mwiko", andika kwamba pana mwiko, kisha geuza ukurasa.

Wenye shaka juu ya kamera wana hoja, ingawa historia ina upande wa pili. Mwaka 1985, pwani ya Kenya, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee akiwa mbele ya vigango viwili, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya wahenga wa Wamijikenda. Vigango hivyo vikaibiwa. Miaka mingi baadaye vilitambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na picha ile ilikuwa sehemu ya ushahidi. Hatimaye vikarudishwa Kenya. Picha hiyohiyo ingewekwa hadharani pamoja na ramani ya mahali vilipo, ingekuwa mwongozo wa mwizi. Kwa hiyo piga picha wanapokubali, hifadhi mahali halisi pa kitu kitakatifu kwenye daftari lako tu, na ukumbuke kuzima kipengele cha simu kinachoandika mahali picha ilipopigwa.

Suala la fedha: usinunue hadithi kwa bei ya kila moja. Ukitoa shilingi kadhaa kwa kila ngano, kesho utaletewa ngano ishirini zilizotungwa njiani, na huna wa kumlaumu. Lipa muda wa mtu, nauli yake, chakula cha siku. Ngoma iliyoitwa na wewe ilipwe kama inavyolipwa ikiitwa harusini. Kwa mzee mmoja nyumbani kwake, sukari, majani ya chai na sabuni vinaeleweka bila mjadala, na tumbaku pia kwa anayetumia.

Hatua ya 3: Vifaa

Kinasa sauti kidogo cha mkononi, aina ya Zoom au Tascam, kinatosha kwa kazi nyingi. Kama huna, tumia simu yenye programu ya kurekodi kwa faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa. Weka kiwango cha 48 kHz na biti 24. Saa moja ya sauti ya njia mbili kwa kiwango hicho huchukua takribani GB 1, kwa hiyo kadi ya GB 32 inakubeba siku kadhaa. Beba betri za akiba, sponji au kitambaa cha kuzuia upepo kwenye maikrofoni, spika za masikioni, daftari na kalamu mbili.

Video ni nzuri kwa ngoma, michezo ya watoto na masimulizi yenye vitendo vingi. Ila kamera huwabadilisha watu. Wengine hukimbilia kanga mpya, wengine hunyamaza kabisa. Siku ya kwanza nenda na sauti tu.

Hatua ya 4: Siku ya kurekodi

Fika mapema na usitoe kifaa. Amkia kama mtoto wa watu: shikamoo kwa kila anayestahili, si kwa mzee uliyemfuata tu. Kama mpo pwani na mwenyewe ni mwanamke mzima, muite Bi Fulani. Bara atakuwa Bibi, au Mama wa mwanawe wa kwanza. Jitambulishe kwa ukoo. Mzee hukupima kwanza kwa swali la "wewe mtoto wa nani?", na jibu lako ndilo litakaloamua utapewa ngano za watoto au zile zenyewe.

Kisha sikiliza mahali. Bati na mvua haviendi na maikrofoni. Redio ya jirani, mashine ya kusaga, barabara ya bodaboda: vyote unavizoea ukiwa umekaa, na vyote vitakurudia kwenye spika. Chini ya mwembe mara nyingi pazuri kuliko sebuleni, isipokuwa siku ya upepo. Sauti ya mbuzi haiharibu chochote.

Jambo linalosahaulika ni hadhira. Fanani, yaani msimuliaji, hasimulii hewani. Ukimkalisha mzee peke yake mbele ya kinasa sauti, ukamwambia "haya, simulia", atakupa muhtasari wa dakika mbili wa ngano inayochukua nusu saa, kwa sababu hakuna wa kuitikia, wa kucheka wala wa kuuliza "halafu?" Omba watoto wa nyumba waje, na majirani wakitaka. Waache wakae wanavyokaa siku zote. Jamii nyingi zetu zinakataza kutamba ngano mchana, kwa onyo la balaa litakalompata mtoto au mzazi wake, na ukifikiri sana utaona lilikuwa pia fundisho la watu kufanya kazi kwanza. Ukikuta katazo hilo, njoo jioni baada ya chakula. Usimbishie mtu mwiko wake ili uwahi basi.

Weka simu zote katika hali ya ndegeni, yako kwanza. Rekodi nusu dakika ya majaribio, sikiliza kwa spika za masikioni, rekebisha. Kwa mtu mmoja anayeongea, kifaa kiwe umbali wa mkono uliokunjwa, kikiwa juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu inayopiga mwangwi. Kwa ngoma, rudi nyuma hatua kadhaa na upunguze kiwango cha kupokea sauti, maana mpigo mmoja wa ngoma kubwa unaweza kupasua rekodi nzima. Mshale wa sauti uchezee chini ya alama ya sifuri, kilele chake kikiwa kati ya -12 na -6.

Ukishabonyeza, sema wewe kwanza: tarehe, kijiji, kata, lugha itakayotumika, waliopo, anayerekodi. Ndipo idhini. Ndipo hadithi.

Akianza, nyamaza. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. "Ehee", "enhe" na "mmh" zako zitajaa kwenye rekodi nzima kama huangalii. Itikia kwa kichwa na kwa macho. Ila pale hadhira inapotakiwa kuitikia, itikia na wengine. Akisema "Paukwa!" na wewe ukabaki unatazama kifaa badala ya kusema "Pakawa!", umemkatisha fanani miguu. Kitendawili nacho kina haki zake: mwitikio wa "Tega!", majibu ya kukosea, na mji anaopewa mtegaji mkishindwa. Jibu ni tone tu la mchezo huo. Ukiandika orodha ya "Nyumba yangu haina mlango: yai", umehifadhi tone.

Asimulie kwa lugha yake. Tanzania ina lugha zaidi ya mia moja, na wazee wengi, wakimwona mgeni mwenye daftari, huhamia Kiswahili kwa adabu. Mshukuru, halafu mwombe arudi kwenye Kinyaturu chake, Kigiriama chake au Kihaya chake, hata kama huelewi hata neno moja. Utatafuta wa kukufasiria baadaye. Wimbo wa ndani ya ngano ukishasemwa kwa Kiswahili huwa umepoteza mdundo, na mara nyingi wimbo huo ndio sehemu ya zamani kuliko zote katika ngano yenyewe.

Maswali yaje mwisho, baada ya vicheko kupoa. Haya yananisaidia kila mara: ulijifunza kwa nani, na mlikuwa mnafanya nini? Husimuliwa wakati gani? Kuna asiyeruhusiwa kuisikia? Watu wa ng'ambo ya pili ya mto wanaisimuliaje? Kuna mahali umeruka? Epuka swali lenye jibu tumboni. Ukiuliza "hadithi hii inafundisha watoto wasiwe wavivu, sivyo Babu?" atasema "ndiyo mwanangu", na utaondoka na mawazo yako mwenyewe yaliyosemwa kwa sauti ya mtu mwingine. Nadhani nusu ya "mafunzo" yaliyochapishwa chini ya ngano katika vitabu vya shule yamepatikana namna hiyo.

Hatua ya 5: Usiku uleule

Kabla hujalala, nakili mafaili yote kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje au flashi. Usifute kadi mpaka nakala zote mbili umezifungua na kuzisikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Ukirudi mjini weka nakala ya tatu katika nyumba nyingine kabisa, maana mwizi na moto havichagui diski.

Faili la asili lisiguswe. Likihitaji kukatwa au kupunguzwa upepo, fanyia kazi nakala, kwa programu ya bure kama Audacity. Tengeneza MP3 kwa ajili ya kusikilizia na kugawa. Usilihamishe faili la asili kwa kulituma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Litabanwa, na kilichobanwa hakirudi.

Jina la faili lianze na mwaka, ili kompyuta iyapange yenyewe: 2025-07-12_ngano_01.wav. Majina kama "bibi mpya kabisa 2" yanaeleweka kwa wiki moja.

Usiku huohuo andika kwenye daftari vile ambavyo sauti haikubeba: nani alikaa wapi, fanani alishika nini mkononi, mtoto gani alilia na kwa sababu gani, nani aliingia simulizi ikabadilika ghafla. Kesho kutwa utakuwa umevisahau.

Hatua ya 6: Kunukuu

Hapa ndipo watu wanapoacha kazi. Tenga siku nzima kwa kila saa moja ya Kiswahili, na zaidi ya hapo kwa lugha usiyoimudu. Programu ya ELAN, inayotolewa bure na Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, inakuwezesha kuandika maneno chini ya sauti yenyewe, mstari kwa mstari: mstari wa lugha ya asili, mstari wa Kiswahili, mstari wa vitendo. Kama kompyuta huna, daftari lenye safu tatu na saa ya dakika pembeni linafanya kazi hiyohiyo.

Andika kilichosemwa, si ambacho kingesemwa na mwalimu wa insha. Mtu wa Mombasa akisema "ndoo hapa", iache ndoo yake, usimsahihishe kuwa "njoo". Marudio yabaki. Tanakali za sauti zibaki, chubwi ya aliyeanguka majini na kacha ya tawi lililovunjika. Fisi akizungumzia puani, eleza kwamba anazungumzia puani. Chukua mfano wa kisa kinachojulikana sana, cha sungura aliyekataa kuchimba kisima akaja kunaswa kwa ulimbo. Mpangilio huu nimeutunga kuonyesha namna ya kuandika:

FANANI: Paukwa!
HADHIRA: Pakawa!
FANANI: Wanyama wakachimba kisima. Wakachimba, wakachimba, wakachimbaaa... [anafuta jasho kwa upindo wa kanga]
MTOTO: Na sungura?
FANANI: Sungura kalala! [kicheko] Kasema, "Mimi umande wanitosha." [sauti nyembamba, ya puani]
MTU MZIMA, nyuma: Kama (?) huyu. [04:12, haisikiki vizuri, kicheko kirefu]

Toleo la vitabuni lingesema: wanyama walichimba kisima, lakini sungura alikataa kuwasaidia. Kisa ni kilekile. Ila jasho, kicheko na yule jirani aliyetaniwa vimekwenda, na huyo jirani pengine ndiye sababu ya bibi kuchagua ngano hii jioni ile.

Tumia mabano ya mraba kwa vitendo, nukta tatu kwa kusita, na alama ya kuuliza pamoja na dakika pale usiposikia. Usikisie. Ukikisia mara moja, atakayesoma baada yako hatajua ukweli ni upi na dhana ni ipi. Zipo sasa programu zinazonukuu Kiswahili zenyewe, na zinasaidia kwa mahojiano ya kawaida. Kwenye ngano huwa zinafuta marudio na milio kana kwamba ni makosa, kwa hiyo pitia kila mstari kwa masikio yako.

Tafsiri ije baada ya unukuzi, na ikaguliwe na mzungumzaji wa kijiji kilekile. Nyimbo zitafsiriwe mstari kwa mstari bila kulazimisha vina.

Kwa anayependa kulinganisha: wataalamu wana orodha ya kimataifa ya aina za ngano, iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson, na kupangwa upya na Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Sungura wa ulimbo yumo, namba 175. Wapo wanaofurahia kuipa kila ngano namba na kuona kazi imeisha. Namba inakusaidia kupata ndugu wa ngano yako katika nchi nyingine, hadi kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, lakini haikuambii kwa nini bibi wa Masasi anaisimulia hivyo.

Hatua ya 7: Karatasi ya taarifa, na jina la mwenye ngano

Kila faili liwe na karatasi yake, hata ya nusu ukurasa: jina la faili, tarehe, mahali, fanani (jina kama alivyokubali liandikwe), umri wake wa kukadiria, kazi yake, lugha na lahaja, waliosikiliza, aliyenukuu, aliyetafsiri, masharti ya matumizi. Masharti yaandikwe kwa sentensi kamili: "Itumike shuleni, isiwekwe mtandaoni." Neno "ruhusa ipo" halina maana kwa atakayeifungua baada ya wewe kufa.

Jina ni deni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maelezo ya desturi za Waswahili yaliyotoka Ujerumani mwaka 1903, na kitabu kikatembea miaka mingi kwa jina la Velten, aliyeyakusanya na kuyahariri. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndiyo iliyoweka jina la Mtoro kwenye jalada. Hakuna haja ya kungoja karne nyingine ili kumtaja aliyesimulia.

Maelezo madogo nayo huokoa maana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis nchini Kenya wakimwimba "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko, na maelezo aliyoyaacha Tracey yanasema Chemirocha alifikiriwa kuwa nusu mtu, nusu swala. Bila maelezo hayo, tungebaki na wimbo mtamu wenye jina lisilo na mwenyewe.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu kaseti. Nyumba nyingi zina boksi la kaseti za harusi, maulidi, kwaya na hotuba za babu. Kila kaseti ina vijipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wa nyuma. Vivunje kwanza, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi, mkanda usifutike. Yenye ukungu usiitie kwenye redio, itachafua redio na kuharibu zinazofuata. Tafuta deki inayofanya kazi, safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, unganisha kwenye kompyuta kwa waya, na ucheze mkanda mara moja tu, ukirekodi tangu sekunde ya kwanza. Mkanda wa zamani unaweza usikupe nafasi ya pili. Maandishi ya kwenye boksi yapige picha. Mara nyingi ndiyo taarifa pekee iliyobaki.

Hatua ya 8: Pa kuweka, na kurudisha

Diski yako si hifadhi. Tafuta taasisi itakayokuzidi umri. Tanzania unaweza kuanza na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, au, kwa mambo ya Usukumani, makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza. Kenya wana Makavazi ya Kitaifa na Makumbusho ya Kitaifa. Makerere ina hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi Uganda nzima katika miaka ya 1940 na 1950. Sauti zake zilikaa London, na nakala zikarudi Kampala baada ya nusu karne. Kabla ya kukabidhi uliza kwa maandishi: masharti ya fanani yataheshimiwa vipi, na familia yake ikija itasikilizaje?

Rekodi za Tracey, zinazotunzwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, nazo zilibebwa mwaka 2014 hadi vijijini kwa Wakipsigis. Ni miaka 64 tangu zilipofanywa. Wewe una simu na basi. Rudi kabla msimu haujabadilika.

Rudisha kwa namna inayochezeka pale. Kumpa mzee kiungo cha intaneti ni sawa na kutompa kitu. Weka MP3 kwenye memori kadi inayoingia katika redio ndogo zinazouzwa kila gulio, au kwenye flashi kama nyumbani wana spika. Shule ya msingi ya kijiji ipewe kijitabu cha unukuzi kilichochapishwa kawaida, chenye majina ya waliokubali kutajwa. Kikundi cha ngoma kipewe video yake nzima, si vipande ulivyovipenda.

Siku ya kurudisha nenda na kinasa sauti kilichojaa chaji. Mzee akijisikia, kitu cha kwanza atakachosema ni kwamba hapo ameruka, au mtoto alimpotosha, au wimbo ule una ubeti mwingine. Bonyeza, mwombe idhini upya, na faili hilo lipe namba yake mpya badala ya kuliunganisha na la zamani.